Maji ya Alfajiri

12 Januari

Mwanangu Bi Maswali,

Natumaini barua hii inakukuta umekula, maana naijua tabia yako ya kushinda na chai kazini kisha unajiita umeshiba. Sisi hapa wazima, ukiondoa yale ya kila siku. Sikio langu la kulia sasa limekufa kabisa. Miaka thelathini ya kusimama kando ya pampu imelimaliza, na la kushoto linafuata nyuma. Kwa hiyo usinipigie simu. Ile ya juzi nilisikia “ndiyo” tatu na “Shangazi” moja, mengine yote yalikuwa mvumo. Niandikie. Baba yako kifua kinambana asubuhi, lakini bado anafika kwenye kitalu chetu cha chaza kabla yangu, na bado anaosha matangi kwa ndoo utadhani mpira wa maji haujaletwa duniani. Vijana wanamwita Mzee Ndoo mbele ya macho yake, naye anaona fahari.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Vichanga wetu wa chaza wanakufa. Siyo wachache. Tumezalisha mara mbili tangu Novemba, na mara zote mbili mambo yamekwenda vilevile: siku ya kwanza wanaogelea vizuri, siku ya pili wanazubaa, siku ya tatu wamelala chini ya tangi kama vumbi la chaki. Dada wa hadubini, yule anayewahesabu, anasema wanakufa uchi. Lile gamba la kwanza ambalo wanatakiwa kulijenga ndani ya siku mbili halipo, au lipo limepinda na kuchanika pembeni. Na wewe unajua, wafugaji wote wa ghuba hii wanachukua mbegu kwangu. Nikikosa mimi, wamekosa wote.

Kuna watu wameanza kumwangalia baba yako. Fundi pampu anasema alimwona akisuuza tangi mara mbili badala ya tatu, baada ya kulipaka dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo ikibaki hata tone, kichanga haponi. Baba yako anasema anasuuza mara tatu kama alivyosuuza tangu hujazaliwa. Mikono yake inatetemeka siku hizi, hilo sikufichi. Lakini kuhesabu mpaka tatu hakuhitaji mikono. Mimi niko katikati. Ni kaka yangu, tena mkubwa, na mwenye kitalu ni mimi.

Nakuletea chupa sita za maji yetu ya bahari, ziko kwenye sanduku pamoja na barua hii. Nimefuata maagizo yako yote: nimejaza mpaka zikafurika, nimetia yale matone ya sumu ya kuua vijidudu ili maji yasibadilike njiani, nimeziba hewa isiingie. Zipime wewe mwenyewe, usimpe mtu. Maji yakiwa mabaya, tutajua ni maji. Yakiwa mazima, basi nitajua la kufanya, na nitalifanya.

Mjukuu wetu mpe busu la paji la uso.

Shangazi yako wa sikio moja

 

2 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sanduku limefika na barafu bado haijayeyuka yote, kwa hiyo hongera, umefunga kuliko wataalamu wetu. Mjukuu wako amepoteza meno mawili ya mbele kwa wiki moja na sasa anacheka mdomo ukiwa umefumbwa, anasema anasubiri samani mpya. Mume wangu bado yuko kwenye zamu za usiku, tunaonana mlangoni kama wapangaji. Mimi sijambo, na leo nimekula, muulize yeyote.

Huku maabara tumebanana. Mashine moja ya kupimia imeharibika, foleni imefika mpaka kwenye korido, na mkuu wetu anatembea kati ya meza akiwa ameshika saa mkononi. Chupa zako nimezipima mwenyewe, jioni, wenzangu walipokwisha kuondoka, ili zisikae wiki mbili kwenye friji zikingoja zamu. Kuna kisehemu kimoja cha fomu hukukijaza. Nimekupitishia kwa sababu ni wewe.

Maji ni mazima, Shangazi. Nimerudia mara mbili. Asidi iko mahali pake, chokaa ya kujengea gamba ipo ya kutosha na kubaki. Karatasi nimeiambatanisha, saini yangu iko chini. Ningependa kukupa jibu jingine.

Kuhusu mambo ya kusuuza sisemi kitu. Mimi kazi yangu ni kupima maji. Msalimie sana Baba, mwambie ajifunike kifua asubuhi.

Mwanao

 

27 Februari

Mwanangu,

Tunaendelea. Paka amezaa kwenye kabati la mataulo. Mvua imevuja tena pale pale juu ya meza yangu, nimeweka sufuria.

Karatasi yako ilifika, nikaisoma mbele ya wote. Ahsante kwa kazi nzuri. Baba yako anapumzika nyumbani kwa sasa, ni kile kifua. Kuosha matangi nimempa fundi pampu. Mwezi ujao tunazalisha tena, na safari hii tunasuuza mara nne, ili shetani akose pa kupita.

Umenikumbusha kisehemu cha fomu nikacheka peke yangu. Ungejua siku ile nilivyokimbizwa! Gari la mizigo linapita huku saa tisa alasiri tu, na dereva ni mtu asiye na subira hata ya kupiga chafya. Alipiga honi mpaka sikio langu bovu likafufuka. Mimi niko ndani ya maji mpaka magotini, chupa mkononi, jua la alasiri linanichoma utosi, namtukana naye ananitukana, viatu vimelowa. Fomu niliijazia juu ya boneti ya gari. Nashangaa uliweza kusoma jina langu.

Basi, nisikuchoshe. Baba yako anakusalimia.

Shangazi

 

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Mtoto alipata homa, halafu kazi, halafu nikawa nakaa mbele ya karatasi na hakuna kinachotoka.

Vichanga wa Machi walikwendaje? Hujaniandikia, na wewe jambo likienda vizuri hukawii kujisifu.

Baba nimemwandikia mara tatu. Hajajibu hata mstari. Simu yake inaita mpaka inakata. Kifua gani hicho kinachozuia mkono kushika kalamu? Nimekuuliza, naomba usinizungushe.

Nina ombi. Nimekutumia chupa nyingine sita kwenye sanduku lilelile. Tatu zijaze alfajiri, saa kumi na moja, palepale bomba la pampu linapovuta, wakati mnapojaza matangi. Tatu zijaze alasiri saa tisa, kama ulivyofanya mara ya kwanza. Usizichanganye. Ni kwa ajili ya kumbukumbu za maabara tu. Na safari hii, Shangazi, nakuomba sana, kwenye ile sehemu iliyoandikwa “saa”, andika saa.

Mwanao

 

3 Mei

Mwanangu,

Wa hapa wazima. Paka amehamisha watoto wake.

Chupa zinakuja, saa nimeandika kwa herufi kubwa. Lakini nimekulea miaka minne mama yako alipofariki, nikakusuka nywele na kukutoa chawa, kwa hiyo usinidanganye na kumbukumbu za maabara. Umeniuliza saa. Mtu haulizi saa miezi mitatu baadaye kama hakuna kitu. Kuna jambo unalijua na umelikalia. Mimi nami nina langu nililolikalia, basi ngoja nianze, maana mimi ndiye mkubwa.

Vichanga wa Machi wamekufa. Wote. Fundi pampu alisuuza mara nne, nikiwa nimesimama nyuma yake nahesabu kwa vidole. Walikufa siku ya tatu, uchi, kama wenzao.

Baba yako hapumziki. Nilimwondoa kazini.

Siku karatasi yako ilipofika niliwaita wote kwenye chumba cha matangi, sita tukiwa tumesimama kwenye sakafu iliyolowa. Nilitaka ugomvi uishe. Nikasoma. Nilipofika pale panaposema maji ni mazima, fundi pampu alitazama chini, na hilo lilinichoma kuliko maneno. Nilimgeukia kaka nikiwa nimejiandaa kwa ubishi. Nilikuwa hata nimetayarisha la kumjibu. Unamjua baba yako, mtu wa kubishana na kalenda.

Hakubisha. Aliomba karatasi, akaisogeza mpaka karibu na pua, akaangalia pale chini kwenye saini yako. Akaniuliza, “Amepima yeye mwenyewe?” Nikasema ndiyo, uliniandikia kwamba umepima mara mbili. Kisha akasema, “Basi ni mimi. Mtoto amepima. Labda nahesabu vibaya siku hizi na sijui.” Akavua aproni ya plastiki, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kifuniko cha tangi. Mimi nikaiacha ikae pale. Nilichotakiwa kusema ni “Kaka, vaa aproni yako tufanye kazi.” Badala yake nikasema, “Pumzika kwanza, tutaona.” Mbele ya vijana aliowafundisha yeye.

Tangu siku hiyo anakaa chumbani. Barua zako ziko juu ya meza, amezifungua, amezisoma, nimeziona zimechoka kwenye mikunjo. Hajibu kwa sababu anaona aibu. Nilipomwambia vichanga wa Machi wamekufa pia, alisema pengine dawa aliyoiacha imeingia kwenye kuta za matangi. Anajitafutia makosa hata pale asipokuwepo.

Haya, mimi nimetema langu. Sasa wewe.

Shangazi

 

24 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, nitakuja nazo nyuma.

Maji ya alasiri ni mazima, kama yalivyokuwa Januari. Maji ya alfajiri ni mabaya. Nimeyapima mara tatu, nikamwita mwenzangu naye akayapima bila kuambiwa yametoka wapi. Ndiyo mnayowajazia vichanga kila siku.

Nitakueleza kama ninavyomweleza binti yangu. Moshi wa magari, viwanda na majiko ya dunia nzima una hewa ukaa, na karibu robo yake inamezwa na bahari. Ikishachanganyika na maji inakuwa asidi. Ni hafifu, hata ukionja hutaihisi. Lakini inapunguza kile ambacho chaza anakitumia kujengea gamba. Mkubwa anapambana, gamba lake linakuwa jembamba lakini anaishi. Kichanga hana kitu isipokuwa akiba ndogo aliyotoka nayo kwenye yai, na kwa akiba hiyo anatakiwa ajenge gamba zima kwa siku mbili. Kwenye maji kama hayo anajenga na halisimami, anaongeza nguvu na halisimami, mpaka akiba inamwishia. Hafi kwa sumu, Shangazi. Anakufa kwa kuchoka.

Na usiku mambo yanazidi. Mwani na nyasi za chini ya maji zinafyonza ile hewa kukiwa na jua tu. Giza likiingia kila kiumbe anaitoa na hakuna anayeipunguza, kwa hiyo alfajiri ndipo maji yanapokuwa makali kuliko saa nyingine zote. Kufika alasiri yametulia. Zamani ukali huo wa alfajiri haukudhuru kitu. Sasa bahari yenyewe imebadilika, na ukijumlisha na ule wa usiku, ukali unapita kiasi.

Baba ndiye aliyechagua alfajiri. Najua atalikamata hilo. Mwambie alichagua kwa sababu maji yalikuwa baridi na matope yametulia, na kwa miaka thelathini alikuwa sahihi. Alisuuza mara tatu. Hakuna dawa kwenye kuta. Hajaua hata kichanga mmoja.

Sasa langu. Maabara ina sheria moja ambayo hata mfagizi anaijua: chupa isiyoandikwa saa haipimwi, inarudi ilikotoka. Niliiona sehemu ya saa iko wazi. Niliipita kwa sababu ni wewe, na kwa sababu mlikuwa mnangoja, na kwa sababu nilitaka sana kukuta kosa kwenye maji ili Baba apone. Nilikuwa na haraka ya kumwokoa. Kisha ukaniandikia habari za dereva na jua la alasiri kwenye utosi, nikasoma nikiwa nimesimama jikoni. Nilijua hapohapo. Ilikuwa Machi. Nilinyamaza wiki tano, Shangazi, nikijiambia nahakikisha kwanza. Nilikuwa naogopa. Sikujua kwamba wiki hizo zote Baba yuko chumbani anajihukumu kwa saini yangu. Ningejua ningepanda basi siku ileile, au labda najipamba tu, labda ningenyamaza vilevile.

La kufanya: pampu iwashwe alasiri, kamwe si alfajiri. Na kwenye kila tangi mtie magadi safi, vipimo nimeviandika kwenye karatasi ya pili, msiongeze kwa macho. Yanatuliza asidi.

Na hii barua msomee Baba. Sauti yako ni kubwa, isome yote, hata pale panaponiumbua. Hasa pale.

Mwanao

 

12 Juni

Mwanangu,

Nimechelewa kwa makusudi. Nilitaka kwanza niwe na la kukuandikia.

Tulizalisha tarehe tatu, kwa maji ya alasiri na magadi yako. Leo ni siku ya tisa. Dada wa hadubini aliniita nikainama juu ya kioo, na nikawaona wamevaa. Kila mmoja na gamba lake dogo la duara, wanazunguka hao! Nilipiga kelele fundi pampu akadhani nimeanguka. Baada ya hapo nilitembea mpaka kwenye miamba nikang'oa chaza mmoja wa porini, nikabonyeza gamba kwa kidole gumba, likapasuka. Sikumbuki kama yalikuwa yanapasuka hivyo. Kwenye matangi nitatia magadi maisha yangu yote, lakini wale wa nje nani atawatilia? Nilirudi furaha imeniisha nusu.

Barua yako nimemsomea. Nilifunga mlango na dirisha, maana nikisoma mimi mtaa mzima unasikia. Alikaa kitandani, mgongo ukutani, mikono ameikalia isitetemeke. Nilisoma yote bila kuruka. Nilipofika pale panaposema hajaua hata kichanga mmoja, uso wake ulifunguka, mwanangu. Kwa muda mfupi nilimwona kaka yangu yule wa zamani. Akasema, “Nilijua nilisuuza.” Nikafurahi, nikadhani tumemaliza.

Kisha akaniambia nirudie pale pa saa. Nikarudia. Akaniambia tena. Nikarudia.

“Ile karatasi ya kwanza bado ina saini yake?” akauliza.

“Ina saini yake.”

“Wakigundua aliipitisha bila saa, watamfanya nini?”

Nikamwambia sijui.

“Unajua,” akasema. “Wewe ulinifanya nini mimi kwa kudhaniwa tu?”

Alikohoa kwa muda, nikampa maji. Halafu akasema kwa sauti ndogo, nikalazimika kusogeza sikio langu zima mpaka mdomoni kwake: “Basi maji yalikuwa sawa. Mimi sikusuuza vizuri. Waambie hivyo.”

“Kaka, ulisuuza! Umesema sasa hivi ulijua!”

“Aliyesuuza ni mimi, na mimi nakwambia ilikuwa mara mbili. Wewe badilisha saa ya pampu, sema umeamua tu. Jina langu limeshafanya kazi yake. La kwake bado analihitaji, na ana mtoto.”

Nilibishana naye mpaka nikapandwa na hasira, nikamwita kichwa kigumu, nikamwambia kazi yake inamngoja, aproni yake inamngoja. Akasema harudi. Akirudi, watu watauliza imekuwaje, na wakiuliza watafika kwako. Ameketi pale na kosa lisilo lake na amelikumbatia. Na kifua chake hakinipendezi, siku hizi analala amekaa.

Ameniomba nikuandikie kwamba nimemsomea, amefurahi, na yaishe. Siwezi. Mwaka huu nimeshakuficha mara moja na umeona tulipofika. Mimi ndiye niliyemvua kazi kaka yangu mbele ya watu, na sasa hata kumrudishia hanipi nafasi. Nimelia, nakwambia ukweli, nimelia nikiwa nimewasha pampu ili nisijisikie.

Niambie nifanyeje. Nikisema ukweli hadharani, nimevunja neno lake. Nikinyamaza, nimemzika mzima.

Shangazi

 

21 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea leo asubuhi. Nimeisoma kwenye ngazi za nje za maabara, kwa sababu ndani siruhusiwi kukaa kwenye meza yangu.

Imechelewa kwa siku sita. Tarehe kumi na tano nilikwenda kwa mkuu wa maabara na zile karatasi mbili, ya Februari na ya Mei, nikazilaza mbele yake. Nikamwambia sehemu ya saa niliiona na niliipita, na kwamba kwa ajili hiyo mtu amepoteza kazi. Sikumwambia mtu huyo ni nani kwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza kama kuna nyingine nilizozipita. Nikasema hakuna. Sidhani kama ameniamini, na hata mimi nisingejiamini. Karatasi ya Februari imefutwa rasmi, nakala ya kufutwa nimeiweka humu. Mimi nimesimamishwa mpaka kikao chao kikae, na wenzangu wananiambia nisitegemee kurudi kwenye vipimo. Ndiyo sheria, na ni sheria nzuri.

Kwa hiyo alichokuwa anakilinda Baba hakipo tena. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi nikiwaza nimwambieje, na nimeona nisimwambie.

Wafanyakazi waambie ukweli wote. Waite palepale kwenye chumba cha matangi, uwasomee nakala hii kwa sauti ileile uliyosomea ya kwanza, na fundi pampu awepo. Nataka kila mtu ajue Mzee alisuuza mara tatu. Lakini wakishajua, wasimwendee nyumbani na pole wala kuomba radhi. Wakimwona wamsalimie kama zamani, wamtanie, wamuulize mambo ya matangi, basi. Wasitaje maabara. Wasinitaje mimi.

Alitoa kitu cha mwisho alichokuwa nacho ili kinisaidie, Shangazi. Sina moyo wa kumrudishia na kumwambia kilifika kimechelewa. Mwache aamini ameniokoa.

Nakuja Jumamosi ya kwanza ya Julai, mimi na mtoto, kwa basi la asubuhi. Mwambie nimepewa likizo. Nitakaa naye chumbani, nitamshika mgongo akikohoa, na ataniuliza habari za kazini, najua ataniuliza kabla sijaweka begi chini. Nitamwambia kazi ni nzuri.

Mwanao